Kibao cha Kisima cha Kabula

Bi Tunu ndiyo kwanza amemaliza sala ya adhuhuri aliposikia sululu kando ya kisima cha ukoo wao. Akatoka na tasbihi mkononi. Daktari Hilari, mwanahistoria aliyekuja kumhoji mwezi uliopita, alikuwa akiwasimamia vibarua wakichimba shimo la kusimika kibao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu nisomee hicho."

Akasoma kwamba historia ya kisima inaanzia siku msafiri mmoja wa Kizungu alipokunywa maji yake.

"Na Kabula?" Huyo ndiye bibi wa bibi yake, aliyekichimba baada ya kuchoka kuona wapagazi wakianguka kwa kiu. Mpaka leo kila Ijumaa husomewa Fatiha. "Si nilikutajia jina lake hapa hapa?"

"Ulinitajia, bibi, ila hukunipa mwaka. Mzungu aliandika tarehe. Kabla ya hapo tunahesabu ni masimulizi tu."

"Kwa hiyo alikunywa masimulizi?"

Kibarua mmoja akageuka kuficha kicheko. Hilari akasema vitabu vya shule navyo vitaandikwa hivyo hivyo.

Hapo hasira ikamkaba Bi Tunu. Wajukuu zake wakue wakijua kwao kulianzia kwa mpita njia? Hakupaza sauti. Alikaa chini, akatumbukiza miguu shimoni, akaanza kuvuta uradi kwa tasbihi yake.

"Bibi, tafadhali."

"Kakisimikeni kule barabarani, alikopita mgeni wenu. Hapa aliwakuta wenyewe."

Vibarua wakamtazama Hilari, kisha wakalaza sululu chini.