Matone ya Wifi

Mimi si mtu wa ugomvi, lakini wifi yangu angenigombanisha hata na cherehani. Ni mdogo wake mume wangu, tunafanya kazi pamoja kwenye duka langu la ushonaji, na hana mpaka na vitu vyangu. Kandambili zangu anavaa. Mkasi wangu wa kitambaa anakatia karatasi! Sasa wiki ya harusi yake, gauni lake likiwa bado mikononi mwangu, nikaamka macho mekundu, kope zimegandana kwa tongotongo.

Daktari alinipa kichupa cha dawa ya matone. "Ncha isiguse jicho," akasema. "Na usimpe mtu mwingine, hata mumeo."

Nikamweleza wifi. Akarukia kule mlangoni.

"Wifi, usinisogelee! Unajua mama mkwe wangu anatafuta kisingizio."

Hapo hakuongopa. Mama wa bwana harusi alikuwa hampendi hata kidogo. Alisema binti anacheka ovyo, hana haya, na kila siku alitafuta sababu ya kuisogeza harusi mpaka mwanawe arudiwe na akili. Ugonjwa ungemfurahisha sana.

Basi wifi akaamua kujikinga. Nageuka kupiga pasi, nageuka tena, namkuta kainua kichwa, kichupa changu mkononi, ncha kaikandamiza kwenye jicho na anabonyeza.

"We! Unafanya nini?"

"Najikinga."

"Kwa dawa ya mgonjwa? Hilo ni jicho au tundu la cherehani?"

"Si ndivyo tunavyotia cherehani mafuta?" akajibu, akahamia jicho la pili.

Nilitamani kumzaba kibao, ila nilikuwa nimeshika pasi ya moto. Na kama ncha ile ilishagusa kope zangu asubuhi, jamani, tusiulizane.

Siku ya harusi akaamka macho kama nyanya. Alilia kwa hofu. "Wifi, nimekwisha. Ataniona, atanirudisha nyumbani." Hasira zikaniisha. Nikakimbia kumnunulia kichupa chake mwenyewe, nikamtia dawa, kisha nikakaa chini nikaiongezea shela kitambaa cha pili.

Ukumbini hakucheka hata mara moja. Kainamisha kichwa, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Mama mkwe akawa anamtazama, anamtazama, mwisho akainuka. Nikajua leo tumeumbuka. Akafunua shela. Wifi akafumba macho haraka.

"Kumbe mtoto ana haya hivi!" mama akasema, sauti ikimtetemeka. "Masikini, analia kuwaacha wa kwao."

Akatoa leso yake, akamfuta macho yote mawili vizuri sana. Halafu naye akaanza kulia, akajifuta kwa leso ileile.

Nikafungua mdomo. "Mama, hiyo le..." Wifi akanikanyaga kidole kwa kisigino cha harusi. Nikapiga vigelegele.

Siku chache baadaye nikaenda kuwatembelea. Nikamkuta mama mkwe sebuleni kavaa miwani myeusi.

"Ni kulia tu," akaniambia. "Nililia mno siku ile." Nikasema ndiyo mama, sote tulilia.

Mezani kulikuwa na kichupa kipya, chake peke yake. Mwenyewe alikuwa amejaribu kujitia, matone yote yameishia shingoni. Wifi akaketi kwenye kochi, akamwita, na mama yule, aliyeapa kuwa hatamzoea binti huyu, akavua miwani akalaza kichwa mapajani kwake.

"Ncha isiguse jicho," wifi akasema, kama vile alisomea. Nilikaribia kuangua kicheko.

"Taratibu, mwanangu," mama akasema.

Mkono wa wifi ukasimama hewani. Mwanangu! Tangu uchumba hajaitwa hivyo hata siku moja. Akaniangalia, midomo ikamcheza, na kabla hajabonyeza kichupa, tone likamdondokea mama mkwe shavuni.

"Mbona dawa yenyewe ya moto?" mama akauliza.