Wakfu wa Maiti

Kilichomponza Mwalimu Adila ni kiherehere cha kalamu. Mkuu wa shule alimwomba aandike historia ya Sekondari ya Mwambakuni kwa ajili ya sherehe ya miaka sabini, kurasa nne tu zinatosha, naye akaenda ishirini. Akaeleza darasa la kwanza la makuti, akaeleza shule ya kati ilivyogeuka sekondari, hata mwaka lilipopatikana bweni la wasichana hakuuacha. Ukurasa wa tatu akaiweka hati ya wakfu: Mzee Majaliwa alilitoa shamba lake kwa shule tarehe kumi, mwezi wa tisa, mwaka 1953.

Kijitabu kikamfikia Yusuf, mjukuu wa mzee huyo, dalali wa viwanja pale Mapinga. Alicheka mpaka akakaa chini. Babu yake alikufa mwezi wa sita mwaka huohuo, na karatasi ya mirathi ipo, ina muhuri wa liwali!

"Tangu lini maiti akatoa wakfu?" akawa anauliza kila anapopita. "Hati ya kughushi hiyo. Shamba letu." Akafungua kesi baraza la ardhi. Ikapangwa isikilizwe Jumatatu.

Adila akabaki kujilaumu. Miaka yote hiyo hati ililala kabatini haimsumbui mtu, yeye ndiye aliyeitoa akaichapisha kwa herufi nene. Watoto mia tisa wakose shule kwa ajili yake! Jumamosi akafunga safari hadi Mlingotini, kwa Bi Sikuzani, mama yake Yusuf na binti wa marehemu, akaombe radhi na kumsihi azungumze na mwanawe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Yusuf mwenyewe alikuwa kwenye mkeka, akamwitikia mgeni kwa kukohoa tu. Adila akasimulia yote, mpaka na tarehe.

Bi Sikuzani akakunja uso. "Mwezi wa tisa wa nani?"

"Septemba, bibi."

"Baba yangu mimi? Septemba aijulie wapi yule!"

Akaingia chumbani, akatoka na msahafu mkuukuu, na ndani yake karatasi iliyogeuka rangi. "Macho yangu yamekwisha. Chuo cha Kurani ulisoma?"

"Nilisoma, bibi, nikahitimu."

"Haya, soma."

Herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Adila akapitisha kidole kutoka kulia, polepole, asije akaichana. "...nimelitoa kwa radhi za Mwenyezi Mungu, watoto wapate kusoma... siku ya kumi, mfunguo tisa." Akarudi nyuma akasoma tena. "Mfunguo tisa!"

Loo! Kumbe si mwezi wa tisa wa kalenda ya ukutani. Ni wa tisa tangu watu kufungua Ramadhani, kama wapwani wanavyohesabu tangu enzi. Nakala ya shule ilipigwa chapa miaka mingi baadaye na karani mgeni. Akasomewa tisa, akaandika tisa, akaenda zake kula.

"We Yusufu, babu yako alikufa lini?" akauliza Bi Sikuzani.

"Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita wenu ndio kumi la mwisho la Ramadhani! Tulifuturu matangani mwaka ule." Akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, mbele ya pua ya mwanawe. "Mfunguo tisa, Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Alitoa miezi mitatu kabla, mzima wa afya, na mimi ndiye niliyemshikia kidau cha wino."

"Alhamdulillahi!" Adila akaropoka, akajikuta amekaa mkekani bila kukaribishwa.

Yusuf akaigeuza ile karatasi. "Mama, mbona siku zote hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulimwuliza mpima viwanja, ukamwuliza na wakili. Mimi mwenye baba, unakunywa chai yangu kila asubuhi na kunipita kama nguzo."

Yusuf akajifuta uso kwa kiganja. "Jumatatu naifuta kesi, mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Nisameheni."

Adila alikuwa analia, mtu mzima, mbele za watu, tena kwa kwikwi, na wala hakuona haya.

"Lia, mwanangu," Bi Sikuzani akamwambia, akimpigapiga mgongoni. "Lia tu. Shule ipo."