Sauti ya Sita

Wimbo aliotuletea Cyiza, kiongozi wa kwaya yetu hapa Gisenyi, niliuchukia tangu siku ya kwanza. Alitueleza kwamba Ulaya, miaka kama mia iliyopita, watunzi walichoka na sauti moja kuwa bwana na nyingine kuwa watumwa wake. Wakazipanga zote kumi na mbili za kinanda, nyeupe na nyeusi, kwa mstari: hakuna inayorudi mpaka zote zimesikika. Sisi tulikuwa kumi na wawili, kila mtu akapewa yake. Mimi ya tano, binti yangu Belise ya sita. Nilimwambia Cyiza hizo ni sahani zinaanguka jikoni, hazishikiki kichwani. Belise alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki iliyofuata Belise akavuka mpaka kwenda Goma, upande wa Kongo, kumwona shangazi yake. Vita vikaingia mjini, na mpaka wa nchi ukafungwa. Simu yake haikupatikana tena.

Cyiza hakuahirisha tamasha tulilokuwa tukilifanyia mazoezi.

"Mama Belise, kwa ile fasi ya Belise tutaweka Igihozo."

"Mutoto yangu hakufe," nikamwambia. "Iko Goma."

"Najua, mama. Lakini bila sauti yake, wimbo haiwezi kuendelea. Ni sheria yake."

"Bon. Isimame."

Hakunisikiliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Cyiza hata mke hana. Igihozo, rafiki wa Belise asiyekuwa wa kwaya, akafundishwa ile sauti, nami kila mazoezi nilitamani kumzaba kofi, maskini, kwa kosa la kuimba vizuri.

Siku ya tamasha kanisa lilijaa. Sauti zikapita moja baada ya nyingine, ikafika zamu yangu, nikaimba. Cyiza akamnyooshea Igihozo mkono. Igihozo akamtazama, akanitazama mimi, akafumba mdomo. Nilimpenda saa ile kama niliyemzaa.

Cyiza hakushusha mkono. Kanisa likanyamaza, watu wakaanza kukohoa. Mimi niliyesema wimbo ule haushikiki kichwani, niliisikia sauti ya Belise pale ilipotakiwa kuwa, safi kabisa, na ningeweza kuiimba. Sikuiimba. Ni yake.

Hatimaye mkono ukashuka. Cyiza alikuwa analia. Mzee mmoja aliyekaa mbele akaniuliza kama imekwisha, ili apige makofi.

"Bado, muzee," nikamwambia. "Tunangojea mutu."