Mtutu Uliokatwa

Harufu ilimfikia Justus kabla hajamkaribia nyati. Alikuwa amemmaliza asubuhi hiyo, mwaka wa 1954, katika pori la nyuma ya Ntalikwa, lakini bega la kushoto lilikwisha kuoza siku nyingi. Funza walifurika kwenye jeraha kama wali unaochemka. Justus, askari wa wanyamapori, alijifunga leso puani akachokoa kwa kisu. Risasi ya zamani ilikuwa imelala kina cha kidole tu, na ncha yake laini ilikuwa nzima. Ikifika kwa kasi inayotakiwa, ncha ile huchanuka kama uyoga. Hii ilifika imechoka.

Nyati huyo ndiye aliyemvunja Lugembe, mrina asali, paja juzi. Na bunduki ya risasi ile Ntalikwa ilikuwa moja: ya Masolwa, baba yake Flavia, mkewe Justus.

Mchana huo alifika nyumbani kwa Masolwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu."

Justus alisimama mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa, akaomba kuiona bunduki. Mtutu ulikuwa umepunguzwa karibu shibiri nzima kwa msumeno wa chuma, na mdomo wake ulikuwa na meno meno.

"Niliukata, ulikuwa mrefu, unagonga miti nikipanda baiskeli," Masolwa alisema.

"Na risasi ulichaguaje?"

"Dukani Kanyenye walinitolea boksi mbili, nyepesi na nzito. Nyati utampiga kwa nyepesi? Huko shule mlisoma nini?"

Justus aliomba shuka kuukuu. Akalitundika hatua tatu mbele ya kichuguu, akasimama karibu nalo na bunduki ile, akafyatua risasi kupitia katikati yake. Moto ulitoka mrefu kuliko mtutu wenyewe. Shuka lilijaa chenga nyeusi.

"Hiyo ni baruti ambayo haikuungua," alisema. "Risasi hii nzito hutiwa baruti ya polepole, inayohitaji mtutu mrefu. Huu wako, risasi inatoka kabla baruti haijamaliza kazi. Mtutu mfupi ulitaka ile boksi nyingine, yenye baruti ya haraka. Na hata hiyo ni ya swala, baba, si ya nyati."

Masolwa alilitazama shuka bila haraka. "Lakini mlio umeusikia." Kisha akasogea. "Huyo nyati umemwacha wapi? Paja la nyuma halijaoza, nadhani."

Justus bado alikuwa na ule uvundo kwenye kucha. Alimfikiria Lugembe kitandani hospitali, akamfikiria na Flavia, ambaye huenda asingemsemesha mwezi mzima. Akatoa karatasi ya serikali ya kunyang'anya silaha, akaandika jina la mkwewe, herufi kwa herufi.

"Nipe leseni, baba. Na bunduki inakwenda nami."

Masolwa alicheka kwa dharau. "Binti yangu utamwambia nini?"

"Simwambii kitu," Justus alisema, akilikunja shuka taratibu ili chenga zisimwagike. "Nitamtandikia hili alitazame."