Joho la Wifi

Joho nililishona mimi. Wifi yangu alikuja na kitambaa cheusi cha bitana, akasema siku ya mashindano ya chuoni kwao lazima aonekane wakili kweli. Tangu utotoni kwao walimwita Wakili, maana hakuwahi kuchapwa bila kujitetea kwanza. Chuoni alikuwa anasomea haki za binadamu za kimataifa, na nyumbani kwetu elimu hiyo haikuwa pambo. Mume wangu, kaka yake, alikuwa mahabusu mwaka wa pili bila kuhukumiwa, kwa kosa la kuchapisha vipeperushi vya wauguzi waliogoma. Yeye ni mchapaji. Angeletewa kadi za harusi, angechapa kadi za harusi.

Jioni wifi alikuwa akinisomea mikataba nikiwa kwenye cherehani. Mtu asiwekwe ndani bila kufikishwa upesi mbele ya hakimu. Maneno matamu, na serikali yetu imeyasaini kwa mkono wake yenyewe. Nikamuuliza, sasa ikikataa kuyatii, nani anakwenda kuikamata? Akasema mwalimu wao amewafundisha kwamba sheria ya kimataifa haina polisi, inategemea aibu. Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Aibu naijua, na hao watu nawajua, na sijawahi kuwaona pamoja.

Hata hivyo tumaini letu lilikuwa huko huko. Wakili wetu, mama mmoja wa shirika la haki za binadamu, alikuwa amepeleka malalamiko kwenye mahakama ya kimataifa. Sharti lao ni kwamba umalize kwanza mahakama za kwenu, isipokuwa uonyeshe kuwa kwenu kesi inakokotwa makusudi. Ya mume wangu ilikuwa inakokotwa. Mara jaji yuko likizo, mara faili halionekani, mara wakili wa serikali anaumwa tumbo. Mara moja tu tuliomba sisi iahirishwe, siku mama mkwe alipofariki. Nilikwenda mwenyewe kwa karani, macho yamevimba, nikasaini.

Basi huko chuoni kukawa na mashindano ya mahakama ya mazoezi. Wanafunzi hupewa kesi ya kutungwa, halafu hupiga kura nani asimame upande gani, kwa kuwa wakili anatakiwa aweze kutetea yeyote. Kesi ya mwaka huo ilihusu mfungwa asiyehukumiwa. Kura ikamtupa wifi upande wa serikali. Nilimwambia akatae.

"Wifi, huu ni mchezo tu," akanijibu. "Na ukijua adui anavyofikiri, ndipo unamshinda."

Nilikaa viti vya nyuma nikitazama pindo la joho langu. Mmoja wa waliokaa kama majaji alikuwa mwanasheria wa serikali wa kweli, aliyealikwa kama mgeni. Ndiye aliyemuuliza, kesi imelala miaka miwili, huoni kwamba mlango wa nyumbani umefungwa? Wifi hakubabaika.

"Waheshimiwa, tutazame ndani ya faili ni nani aliyeomba kuahirishwa. Ikiwa mlalamikaji aliomba hata mara moja, basi mlango ulikuwa wazi, na yeye ndiye aliyesimama kizingitini."

Wenzake wote walikuwa wameuruka mstari huo kwenye karatasi za kesi. Yeye aliuona kwa sababu kwenye faili letu nako upo. Ukumbi ukapiga makofi, na mgeni akaandika. Baadaye alimpa mkono, akamuuliza hoja ile kaitoa wapi, naye akajibu kwa maringo kwamba ni utafiti wake. Njiani nilimuuliza kama haogopi. Akaniambia nimeanza kuwa na wasiwasi wa wake za wafungwa. Kombe aliloshinda tuliliweka juu ya kabati, pembeni ya picha ya marehemu mama yake.

Siku ya kesi yetu tulikaa ofisini kwa wakili wetu, tukiwatazama majaji wa kimataifa kwenye kompyuta. Aliyesimama kwa niaba ya serikali alikuwa yule yule mgeni. Akaanza kwa kutupa pole ya msiba. Hapo nikajua. Akasema faili limepekuliwa, maana siku hiyo lilionekana, na kwamba mke wa mlalamikaji ndiye aliyeomba kesi iahirishwe, saini yake hii hapa. Mlango ulikuwa wazi, akasema, na midomo ya wifi yangu ikamtangulia kumalizia, bila sauti. Wakili wetu alipinga kwamba mara moja haifuti zile nyingine zote. Majaji wakasema tumalize kwanza za nyumbani. Labda nao walikuwa na mafaili mengi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe niliishona mimi. Wifi alilia mpaka akatapika, nami sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira naye, na bado ninayo. Kesho yake nilikwenda kwa karani. Faili halionekani. Nikamwambia jana lilikuwa mbele ya dunia nzima, akasema nirudi mwezi ujao.

Gerezani tulikwenda wote wawili, wifi amebeba sabuni. Mume wangu amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Habari za majaji alishazisikia, hakuuliza. Alishika wavu akamtazama mdogo wake kwa macho ya kujivunia. Alisema selo nzima inajua kwamba ana mdogo wake aliyepata kombe la haki za binadamu, na kila siku wanamwomba awasimulie.

"Hebu niambie, Wakili. Siku ile ulisema nini?"

Wifi akanitazama mimi. Nikajibu kwa niaba yake. Nilimwambia alisema vizuri sana, mpaka watu wa serikali wakaandika.

Mume wangu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu wamchukue, akaniomba nirudie.