Upande wa Mbele wa Shuka

Kila jioni ya sinema, Mama Émérance aliweka karai lake la ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na mlango wa uwanja, pale Rugenge, akachochea mkaa, kisha akasogeza benchi ili moshi uwaendee wateja na si macho yake. Macho hayo yalikuwa yameanza kufifia, naye aliyabana kama mtu anavyobana mafuta ya taa yaliyobaki chini ya chupa. Alikuwa na haja nayo moja. Alitaka kuona filamu kutoka mbele, mara moja tu, kabla hayajafunga.

Uwanja ule ulikuwa na mbele na nyuma. Katikati lilifungwa shuka kubwa jeupe kwenye nguzo mbili. Mashine ya sinema ilitupa picha upande mmoja, na huko kulipangwa viti vyenye mgongo, chini ya paa la mabati. Upande wa pili, karibu na vyoo, kulikuwa na mikeka na magogo. Picha ilipenya shuka na kuonekana huko kinyume. Zamani mbele walikaa Wabelgiji, Wagiriki na makarani wenye karatasi ya kuthibitisha ustaarabu wao. Nyuma walikaa wengine wote, na msemaji wa filamu, Thaddée, mtoto wa Mama Émérance, alisimama kati yao akieleza kwa Kiswahili kila jambo lililotokea na mengi ambayo hayakutokea.

Kwa kuwa picha ilikuwa kinyume, watu wa nyuma waliamini kwamba koboyi wote hutumia mkono wa kushoto. Vijana wa Rugenge walichomoa bastola zao za mti kwa mkono wa kushoto. Baadaye wakaanza kuwaamkia wazee kwa mkono huohuo, wakachapwa, wakaendelea.

Uhuru ulipofika, Mgiriki mwenye uwanja alipanda boti kwenda Usumbura. Ildephonse, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni, akauchukua uwanja. Alipaka ubao wa mlangoni rangi mpya, akakaa kwenye kiti cha Mgiriki, akaitwa patro kama yeye. Watu wenye tai wakakaa karibu naye. Wengine walikwenda nyuma bila kuelekezwa na mtu, maana miguu yao ilikuwa imezoea.

Mwaka uliofuata wafanyakazi wa sinema waliunda chama chao, sindika, wakagoma. Thaddée ndiye aliyesema, kwa kuwa kusema ndiyo kazi yake.

"Patro, shuka isogezwe mpaka ku ukuta. Bantu bote bakae upande moja."

"Na mbele itakuwa wapi?" aliuliza Ildephonse.

"Kote itakuwa mbele."

"Kama kote ni mbele, basi hapana mbele tena. Thaddée, weye unataka kuniharibia uhuru?"

Rémy, mwendesha mashine, alifuta mikono yake kwa kitambaa, akamkabidhi Ildephonse kitambaa hicho. Wafanyakazi wote wakaenda nyuma ya shuka, wakakaa kwenye mikeka, wakakunja mikono.

Mgomo ulitembea haraka kuliko habari. Baa ya jirani, ambako watu walikwenda kucheza dansi baada ya filamu, ilikosa wachezaji, na mpiga gitaa wake, Mathieu, akarudi ziwani kuvua samaki wa mikeke na mjomba wake. Kinyozi aliyekata nywele za kikoboyi alirudia mtindo wa misheni, unaokaribia upara. Na Mama Émérance alibaki na karai lililojaa. Alilibeba kichwani mpaka nyuma ya shuka, akalitua mbele ya mwanawe.

"Sasa weye iko na greve. Na ndagala yangu ifanye nini?"

"Mama, shiye tunafanya hii sababu yako. Ili ukae mbele."

"Kama ni sababu yangu, mungeniuliza. Minye siko mu sindika yenu. Minye niko mu karai."

Rémy alicheka. "Mama Thaddée, kaa na shiye. Karai nayo igome."

"Karai yangu ikigoma, Rémy, utakula ulimi yako."

Lakini alikaa, maana miguu ilikuwa imechoka, na Rémy akapewa ndagala kwenye karatasi.

Jioni hiyo Ildephonse aliendesha mashine mwenyewe. Filamu ilianza vizuri. Koboyi alitokea mlimani juu ya farasi wake, akafika mbele ya baa, akasimama. Alitega sikio. Alikuwa amezoea kusikia sauti ya Thaddée ikimweleza ni nani na ametoka kuua wapi. Sauti haikuja. Basi alishuka, akamfunga farasi, akakaa chini. Mwizi aliyepaswa kupigwa risasi alitoka mafichoni, akaona hali, akakaa karibu naye. Bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya alivua viatu, akaanza kujikanda vidole.

Watu wa filamu wote walikaa wakiwageukia wafanyakazi nyuma ya shuka. Waliokuwa mbele waliona migongo. Waliokuwa nyuma waliona nyuso.

Ildephonse aliweka filamu nyingine, ya kuchekesha. Mnene na mwembamba walitokea wakikimbizana, wakatega sikio, wakakaa. Aliweka filamu ya misheni inayofundisha kunawa mikono. Mwalimu wa kunawa alifunga bomba, akakaa.

"Hii mashine iko na sindika yayo," alisema Ildephonse, akaizima.

Siku zilizofuata wateja wa mbele waliendelea kuja kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kuvalia tai. Walitazama migongo, wakaanza kunung'unika. Huko nyuma mgomo ulikuwa mtamu zaidi. Harufu ya karai ilipanda mpaka kwenye shuka, na koboyi akanyoosha mkono nje ya shuka akiomba. Mama Émérance aliuchapa.

"Mukono ya kushoto? Mama yako hakukufunza?"

Koboyi aliurudisha, akatoa wa pili. Hapo akapewa, yeye na mwizi wake. Mwizi alilamba karatasi.

Mwishowe Ildephonse alizunguka mpaka nyuma kuzungumza na wagomaji. Aliona nyuso zile zote kwenye shuka, safi, kila jino likionekana. Alisimama akizitazama kwa muda. Hakuwa amekanyaga nyuma tangu uhuru.

"Bandugu," alisema, "mulitaka mbele. Nimekubali. Tangu leo mbele ni yenu."

Thaddée alitokwa na machozi. Rémy alimbeba Ildephonse mabegani. Kesho yake mafundi walihamisha paa la mabati upande wa nyuma, wakapanga huko viti vyenye mgongo, wakahamisha vyoo. Mikeka na magogo vililetwa mbele. Thaddée aliuliza kuhusu viti.

"Mulidai viti?" alisema Ildephonse. "Mulidai mbele."

Ilikuwa kweli. Jioni hiyo Mama Émérance alivaa kitenge cha Pasaka, akakaa kwenye mkeka wa kwanza kabisa, karai mapajani. Thaddée alisafisha koo. Koboyi alisikia sauti yake, akainuka, akapanda farasi, na kila kitu kikaendelea kama kawaida, ila watu wa filamu walikuwa wamezoea kutazama upande ule mwingine, nao hawakugeuka tena. Bibi mwenye kofia alibusiwa huku watu wa mbele wakiona kofia tu.

"Thaddée," alisema Mama Émérance, "hawa bantu bananipa mugongo sababu gani?"

"Hii njo mbele, Mama."

Alitafuna ndagala moja polepole.

"Basi eleza," alisema.

Thaddée alieleza. Kutoka kwa Rémy lilikuja wazo la kugoma tena, lakini hawakupata la kudai, kwa kuwa walichodai walikuwa wamepewa. Vijana wa Rugenge walirudia mkono wa kuume. Wazee wakawasifu kwa malezi.

Mwaka wa sitini na nne waasi walikuja kutoka bonde la Ruzizi wakaushika mji. Kiongozi wao alipanda juu ya gogo pale uwanjani, akatangaza kwamba hakuna tena wakubwa na wadogo. Watu walipiga makofi. Alipomaliza alishuka, akamuuliza Ildephonse wakubwa hukaa wapi. Alipelekwa nyuma, akapewa kiti cha Mgiriki, na sinema ikaanza.

Wakati huo Mama Émérance alikuwa haoni tena ila vivuli, na kwa vivuli migongo inatosha. Alimjua mwizi kwa bega lake lililopanda juu, na bibi kwa manyoya. Farasi wa koboyi alipofika mbele ya baa na kusimama, koboyi alinyoosha mkono mmoja nyuma ya mgongo wake, nje ya shuka, kiganja wazi, bila kugeuza kichwa. Mama Émérance aliupapasa. Ulikuwa wa kuume. Akauwekea ndagala.