Pedi ya Pili

Nacheza gemu tangu nina miaka tisa, na sasa nina arobaini na moja, kwa hiyo mtu asinifundishe mchezo ni nini. Mchezo ni kitu kinachoweza kukushinda. Gemu za zamani zilikupa roho tatu; ukizimaliza unarudi mwanzo kabisa, na huna wa kumlilia. Hizi za siku hizi zinakubembeleza kama mgonjwa, lakini hata hizo nazivumilia. Nisichoweza kukivumilia ni matofali ya plastiki. Unabandika kipande juu ya kipande, hakuna adui, hakuna saa, hakuna kushindwa. Huo si mchezo, ni kupanga vyombo.

Maoni haya ninayo siku nyingi, ila yalipata makali mwaka jana, shemeji yangu alipoleta sanduku zima la matofali hayo nyumbani kwangu.

Shemeji huyo, kaka wa mke wangu, ni mchora ramani za majengo. Tunamwita Milimita, kwa sababu hata mkate anaukata kama ameagizwa vipimo. Kila Jumamosi saa tisa anafika, anavua viatu, anavipanga sambamba mlangoni, na binti yangu wa miaka tisa anamkimbilia. Jumamosi saa tisa ilikuwa yangu. Tangu ana miaka minne alikaa kwenye zulia kando yangu, yeye na pedi yake ya kubonyezea gemu, mimi na yangu, tukiruka mashimo pamoja. Sasa nakaa peke yangu chumba cha uani, ninamotengeneza simu na mitambo ya gemu, nawasikiliza wakicheka mezani. "Mjomba, dirisha liwe huku." "Mjomba, hapo umekosea." Naye anakubali kukosolewa, mnafiki yule.

Naona wivu. Sitaki kusema nimechoka au kazi zimenizidi. Naona wivu mpaka skrubu inanishinda kukaza.

"Unamwonea wivu kaka yangu kwa vipande vya plastiki?" mke wangu aliniuliza siku aliponikuta nimetega sikio.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamjibu.

"Basi badilisha nguo," akasema, akaenda zake.

Nikaamua kumrudisha mwanangu. Wiki nzima nilishughulika na mtambo wetu wa zamani; nikautoa vumbi, nikabadilisha swichi, nikaunga waya mpya kwenye pedi zote mbili. Jumamosi, kabla Milimita hajafika, nikauwasha sebuleni na kumwita.

"Njoo, mama. Leo tunacheza ile yetu."

Alikuja, akakaa. Nilipompa pedi yake hakutazama skrini. Aliushika waya, akaufuata kwa vidole kutoka kwenye pedi, juu ya zulia, hadi kwenye mtambo.

"Leo imechomekwa," alisema.

Wenzangu wa gemu wanaijua hila hii, na wengi wetu tumewafanyia wadogo zetu. Mtoto analilia kucheza, unampa pedi ambayo haijachomekwa popote, unamwambia yule anayeruka ni yeye. Mtoto anafurahi, nawe hupotezi roho hata moja. Binti yangu akiuliza mbona ameruka kabla hajabonyeza, nilikuwa namwambia, "Endelea tu, mama. Unacheza vizuri." Nia yangu ilikuwa nimchomekee akikua kidogo. Lakini tulikuwa tunashinda sana, nikawa naahirisha.

"Ulijua lini?" nilimuuliza.

"Nilikuwa na miaka mitano. Nilikwenda kunywa maji. Niliporudi, bado nilikuwa naruka."

"Lakini tulicheza tena miaka mitatu baada ya hapo."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi, Baba."

Afadhali angekasirika. Aliiweka pedi chini taratibu, kama kitu cha kuazima, akainuka. Mlangoni Milimita alikuwa ameshafika, anapanga viatu vyake.

Nilibaki pale na mtambo wangu unaopiga muziki. Kisha nikauzima, nikameza kiburi, nikawafuata mezani.

"Na mimi nijenge?"

Milimita alisogeza kiti chake kunipisha. Mbele yao palikuwa na nyumba ya ghorofa mbili, yenye ngazi za ndani na kizuizi cha kushikilia, na roho iliniuma kuona jinsi ilivyo nzuri. Binti yangu alinisukumia lundo la vipande vya kijivu.

"Wewe jenga ukuta wa nje," alisema.

Nikajenga. Kila kipande nilichokiweka kilibaki palepale nilipokiweka, kwa sababu ni mimi niliyekiweka, na sikumwambia mtu kwamba nimelipenda jambo hilo. Nilifika safu ya sita, nimenyoosha mstari hata Milimita mwenyewe asingepata pa kuugusa, ndipo nikainua kichwa. Nyumba yao ilikuwa juu ya ubao wake wa kijani, na bustani yake, na ukuta wake mwekundu umeizunguka pande zote nne, umekamilika.

"Huu wangu unaungana wapi na nyumba?" niliuliza.

Milimita akainamia sanduku, akaanza kutafuta kitu. Binti yangu hakuinua macho.

"Endelea tu, Baba," alisema. "Unajenga vizuri."

Nikachukua kipande kingine.